“Wananiambia ni stresi tu, lakini mwili wangu unakataa”

SWALI

Shikamooni wataalamu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Dar es Salaam na ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi, na tangu siku hiyo namuuguza nyumbani kwangu. Hawezi kujigeuza, hivyo usiku naamka kumgeuza. Miezi michache baadaye mume wangu akaachishwa kazi. Nikachukua mkopo kuziba pengo, kisha mwingine wa kulipa ule wa kwanza. Sasa ninayo mitatu, mmoja ukiwa wa marejesho ya kila wiki, hii tunayoiita kausha damu. Ujumbe wa kudai unaingia hata saa tano usiku.

Kila siku saa tisa usiku macho yanafunguka yenyewe, moyo unaenda mbio, na sipati usingizi tena mpaka saa kumi na moja ninapojiandaa kwenda kazini. Kichwa kinabana kama nimefungwa kamba, shingo na mabega yamekaza. Tumbo linawaka. Mafua hayaniishi. Hedhi imeruka miezi miwili, na kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Niliungua mkono kwa sufuria, jeraha dogo tu, lakini wiki ya nne hii halijafunga. Kinachonitisha kuliko vyote ni akili yangu. Nahesabu pesa mara tatu na bado nakosea. Wiki iliyopita nilimrudishia mteja chenji mara mbili. Watoto nawafokea kwa vitu visivyo na maana, kisha nalia.

Namezea kichwa diklo karibu kila siku, na mchana nakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, siku nyingine makopo mawili, nisisinzie kwenye kaunta. Duka la dawa walinipima presha ikasoma 148/92. Zahanati walipima malaria na mkojo wakasema, “Huna ugonjwa, ni stresi tu, punguza mawazo.” Nyumbani wapo wanaosema nimetupiwa jini. Siku nyingine natamani nilale nisiamke.

Je, huu ni ugonjwa au mimi ndiye mlegevu wa moyo? Ubongo wangu umeshaharibika? Na nitapunguzaje mawazo wakati deni lipo na mama yupo kitandani?

Mama wa wawili, Mbagala

JIBU

Marahaba dada yetu, na pole sana kwa kuuguza.

Tunaanza na jambo uliloligusa haraka ukapita: kutamani kulala usiamke. Hiyo ni dalili kama homa ilivyo dalili, na mara nyingi inaonyesha kwamba sonona imeanza kujijenga juu ya msongo. Wiki hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, kwa maneno hayohayo uliyotuandikia, kisha nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili. Dawa za mama na vidonge vyako vyote mpe mumeo avifungie. Wazo hilo likigeuka kuwa mpango, yaani ukajikuta unafikiria siku na njia, usisubiri miadi. Nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Sasa maswali yako. Aliyekuambia “ni stresi tu” hakukosea kwenye stresi, alikosea kwenye “tu”. Dalili zako karibu zote zinatokana na mfumo mmoja wa mwili unaofanya kazi yake kwa uaminifu, ila haupewi muda wa kuzima.

Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa amri mbili. Ya kwanza inafika ndani ya sekunde kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi za adrenali, mbili, zilizokaa juu ya figo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Zinamwaga adrenalini: moyo unakimbia, presha inapanda, misuli ya shingo na taya inakaza. Amri ya pili ni ya polepole. Haipothalamasi inaiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo inaziagiza adrenali zitoe homoni ya kotisoli, inayofika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30. Kotisoli inalifanya ini litoe sukari kwenye damu. Pamoja na amri nyingine za msongo, inaahirisha kazi zinazoweza kusubiri: kusaga chakula, uzazi, kukarabati ngozi. Mwishoni inarudi kwenye ubongo kutoa taarifa kwamba imetosha, king'ora kizimwe. Kwa mtu aliyekutana na nyoka shambani, mpango huu unamwokoa. Nyoka wako anaingia kwa simu saa tano usiku, na kesho anarudi. King'ora kikilia mwaka mzima, zile kazi zilizoahirishwa zinabaki zimeahirishwa, na sehemu za ubongo zilizopaswa kukizima zinachoka.

Ulegevu wa moyo hauna nafasi hapa. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika kwamba panya waliopewa mateso ya aina tofauti kabisa, kama baridi, majeraha au kuchoshwa kupita kiasi, wote waliishia na mabadiliko yaleyale: adrenali zimevimba, thaimasi, ambayo ni tezi ya kinga, imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Karibu zaidi na kwetu, Robert Sapolsky alifuatilia nyani wa Maasai Mara nchini Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupima damu yao. Katika makundi yenye mpangilio thabiti, madume wa daraja la chini, wanaosukumwa na kunyang'anywa kila siku, walikuwa na homoni ya msongo juu hata wakiwa wametulia. Mnyama asiyejua deni wala marejesho hupata vilevile akikosa pa kupumulia.

Kuhusu saa tisa usiku: kotisoli huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, halafu inaanza kupanda taratibu kuelekea alfajiri. Nusu ya pili ya usiku usingizi wenyewe ni mwepesi. Mtu aliyelala na king'ora wazi, kupanda huko kunamwamsha, na akishafumbua macho anakutana na hesabu za marejesho. Hedhi nayo inaongozwa na haipothalamasi ileile. Ikizidiwa hupunguza amri inayoamsha mayai. Hata hivyo rudia kipimo cha mimba, na tezi ya shingo ipimwe, kwa sababu ikivurugika inaleta moyo mbio na hedhi kuruka vilevile. Mafua ya mara kwa mara yana maelezo pia: mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walionyesha kwamba watu waliowekewa virusi vya mafua puani waliugua kwa wingi zaidi kadiri msongo wao ulivyokuwa mkubwa.

Jeraha lako linastahili maneno zaidi. Mwaka 1995, huko Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri huohuo wasiouguza mtu. Kila mmoja alitobolewa ngozi ya mkono jeraha dogo la milimita 3.5. Wauguzaji walichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona. Hali yao ndiyo yako. Lakini usiridhike na maelezo hayo peke yake, maana kidonda kisichofunga kwa wiki nne ni dalili ya sukari pia, na kotisoli yenyewe inapandisha sukari. Pima sukari asubuhi kabla ya kula chochote: ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) itarudiwa siku nyingine kuthibitisha kisukari, na ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 imeshaanza kupanda.

Sasa ubongo wako, unaokutisha kuliko vyote. Sehemu tatu zinahusika. Hipokampasi inatunza kumbukumbu mpya na pia husaidia kuzima king'ora. Gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, linashikilia hesabu kichwani na kuzuia hasira. Amigdala inanusa hatari. Msongo wa muda mrefu hufanya matawi ya seli katika zile mbili za kwanza yajikunje, kama mti unavyopukutisha majani wakati wa kiangazi huku shina likiwa hai. Kwenye amigdala matawi yanaongezeka. Matokeo ndiyo unayoyaona kaunta na nyumbani: chenji mara mbili, na kuwafokea watoto kwa kikombe kilichoanguka.

Kuharibika moja kwa moja ni jambo jingine, na hapa tuna habari njema ya kweli. Mwaka 2009 Conor Liston, Bruce McEwen na B. J. Casey walichapisha utafiti wa wanafunzi wa udaktari waliokuwa wametoka kwenye mwezi mmoja wa kujiandaa na mtihani mkubwa. Uwezo wao wa kuhamisha umakini ulikuwa umeshuka, na picha za ubongo zilionyesha mawasiliano ya gamba la mbele yamelegea. Baada ya mwezi mmoja wa kupumzika walirudi sawa na wenzao. Mzigo wako ni wa muda mrefu zaidi, kwa hiyo jipe miezi kadhaa, lakini njia ni hiyohiyo. Kwa sasa punguzia ubongo kazi: hesabu pesa kwa mafungu ya noti kumi kumi, andika chenji kabla ya kuitoa, na mteja anayekusemesha katikati mwombe asubiri.

Kabla ya mengine yote, acha diklo. Ukiacha lile tulilolianza nalo, hakuna kitu katika barua yako kinachotutia hofu kama hicho. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huzuia kemikali zinazojenga ute unaolinda ukuta wa tumbo, na wakati huohuo huifanya figo ishikilie chumvi na maji, presha ikapanda. Tumbo lako na presha yako huenda vinalalamikia dawa kuliko mawazo. Kuna la tatu: dawa ya maumivu ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa muda wa miezi, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini kiwango ni siku 10 tu. Ukiacha, kichwa kitauma zaidi kwa siku kadhaa za mwanzo, na hapo ndipo wengi hurudia. Vumilia. Ikibidi, tumia paracetamol pekee, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, na si zaidi ya siku mbili kwa wiki.

Watu wengi bado wanaamini vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Msongo huongeza kiungulia na hufanya maumivu yasikike zaidi, lakini vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, kazi iliyowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa kama hiyo diklo. Omba kipimo cha choo. Kile cha damu kinasoma kingamwili, na kinaweza kuendelea kuonyesha chanya hata baada ya kupona. Kama unameza omeprazole, iache wiki mbili kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki nne kabla, la sivyo kinaweza kukosa bakteria waliopo. Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, kifua kikabana mpaka taya au mkono, au upande mmoja wa mwili ukalegea, nenda dharura papo hapo.

Presha ya 148/92 uliyopimwa mara moja dukani, pengine ukiwa umetoka kwenye daladala au umekunywa kopo la kafeini, haitoshi kukuambia lolote. Azima mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kinywaji cha nguvu. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu yote chini bila kupishanisha, mkono usiofunikwa na nguo juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku 7. Futa siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85 kwa vipimo vya nyumbani, unahitaji daktari. Ikisoma 180/120, pumzika dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyo.

Kinywaji cha nguvu: kopo la mililita 250 lina takriban miligramu 80 za kafeini, na la 500 mara mbili yake. Nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kopo la saa tisa alasiri bado linafanya kazi saa mbili usiku, na asubuhi unahitaji jingine. Punguza nusu kopo kila siku mbili, si kwa mkupuo, maana kukatiza ghafla huleta kichwa. Baada ya saa sita mchana, maji.

Usingizi wako hautapona bila kupanga upya kumgeuza mama, na hapa tunamtazama mumeo. Yeye yupo nyumbani na anaweza kulala mchana. Wewe unashika pesa za watu. Ratiba ya kawaida ni kumgeuza mgonjwa kila saa mbili. Basi saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi usiku ziwe zake, wewe chukua ya jioni na ya alfajiri. Mfundishe: mama asilale ubavu kabisa, ainamishwe nyuzi 30 hivi kwa mto nyuma ya mgongo, mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Akiona wekundu au weusi usioondoka baada ya kugeuza, akuambie asubuhi. Kaka na dada zako wasioweza kuja wachangie siku mbili za msaidizi kwa mwezi. Waombe kwa tarehe na kiasi, maana ombi la “mnisaidie” halina pa kuanzia.

Wewe panda kitandani saa tatu na nusu, amka saa kumi na moja, hata Jumapili. Ukishtuka usiku, usitazame saa. Ukihisi zimepita kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, kaa kwenye kiti gizani, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kinachotumika kuhesabia madeni hufundisha mwili kukesha humo. Wiki ya kwanza utachoka zaidi; wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki ya pili na ya nne.

Kupumua ndiyo njia ya mkato ya kuufikia mfumo huu, kwa sababu moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi. Vuta kwa puani ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, bila kujaza kifua, dakika 5, mara mbili kwa siku: ndani ya daladala asubuhi, na kitandani. Midomo au vidole vikianza kuchonyota, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kina, usiongeze kasi. Jioni shuka kituo kimoja au viwili kabla, utembee kwa haraka dakika 25. Ukifanya siku sita umefikisha dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wiki.

Na mawazo? Hatutakuambia uyapunguze, kwa sababu deni ni la kweli. Tunakuambia uyape saa yake. Kila siku saa kumi na mbili jioni, dakika 20, kaa na daftari: kila mkopo, baki lake, tarehe, na kiasi unacholipa juu ya ulichokopa. Andika hatua moja ya kesho, funga daftari. Ukiamshwa na deni saa tisa usiku, jiambie limeshaandikwa. Mkopo wenye riba kubwa zaidi ndio wa kumalizwa kwanza huku mingine ikilipwa kima cha chini, na usichukue wa nne. Mkopeshaji umwendee kabla ya tarehe, si baada, uombe marejesho yagawanywe kwa muda mrefu zaidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni, iulizie. Kuanzia saa mbili usiku simu ilale chumba kingine, maana hakuna deni linalolipika saa tano usiku.

Wanaosema jini, usigombane nao. Dua na sala zinawatuliza wengi, na kutulia ni dawa ya jambo hilihili. Mpaka wetu ni mmoja: asiwepo wa kukutoza pesa usizonazo, wala wa kukuzuia kupima. Wauzaji wa vidonge vya “kusafisha kotisoli” mitandaoni nao wapite. Hakuna kidonge cha aina hiyo unachokihitaji.

Ukirudi hospitali usiseme “nina mawazo”. Soma hivi kutoka kwenye karatasi: “Naamka saa tisa usiku kila siku. Hedhi imeruka miezi miwili. Jeraha halijafunga wiki nne. Nimetumia diklofenaki karibu kila siku. Hii hapa presha yangu ya siku saba. Kuna siku natamani nisiamke. Naomba sukari, wingi wa damu, figo, tezi ya shingo, mimba na kipimo cha choo cha bakteria wa tumbo.” Kisha mpe karatasi aiweke kwenye faili lako.